Kulenga Shabaha kwa Bunduki ya Upepo: Maswali Ambayo Wazazi na Vijana wa Arua Hutuuliza

Kila Jumamosi tukifungua mlango wa ukumbi, hakosekani mtu aliyesimama nje anachungulia. Wengine ni vijana ambao mikono inawawasha kushika. Wengine ni wazazi waliokuja kuhakikisha kama waliyosikia sokoni ni ya kweli, kwamba kuna watu hapa Arua, eneo la West Nile nchini Uganda, wanafundisha watoto kupiga bunduki. Maswali yao yanafanana, na nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi, chini ya mwembe na hata juu ya boda boda. Sasa nimeyaandika. Siku za kazi ninafundisha hisabati sekondari. Jumamosi na wakati wa likizo ninafundisha vijana kulenga.

Mchezo wenyewe ni upi? Ni uwindaji, ni vita, ni nini?

Ni kutoboa karatasi. Hakuna mnyama, na hakuna sanamu wala mchoro wa mtu. Mlengaji anasimama mita 10 kutoka kwenye shabaha. Katikati ya karatasi kuna duara jeusi la milimita 30.5, karibu sawa na kizibo cha chupa ya soda. Ndani ya duara hilo kuna miviringo midogo midogo, na katikati kabisa kuna alama ya kumi: nukta yenye upana wa nusu milimita. Ukigusisha kalamu kwenye karatasi na kuiondoa mara moja, alama inayobaki ni kubwa kama hiyo.

Punje ya risasi ina upana wa milimita 4.5, na inatosha ukingo wake uiguse nukta ile ndipo uhesabiwe kumi. Wanafunzi wangu huwa nawapa hesabu hii ubaoni: kitovu cha punje kikipotea kwa zaidi ya milimita 2.5, kumi imekwenda. Kwenye mashindano makubwa shabaha ni za elektroniki, na hiyo kumi yenyewe imekatwa vipande, kuanzia 10.0 hadi 10.9. Kila kipande ni robo ya milimita. Mlengaji anapiga risasi 60 ndani ya dakika 75, na mtu akipata 10.9 kila mara (jambo ambalo halijafanywa na yeyote) angefikisha 654.

Kuna pia shindano la mita 50 kwa bunduki ya baruti ya milimita 5.6, ambapo mlengaji hupiga akiwa amepiga goti, akiwa amelala kifudifudi, kisha akiwa amesimama. Hilo sisi hatulifundishi.

Bunduki ya upepo si kama ya kuchezea tu?

Hapana, na yeyote anayesema hivyo asikabidhiwe watoto. Haina baruti wala moshi, na sauti yake ni kama mtu aliyepiga kofi moja la nguvu. Inasukumwa na hewa iliyobanwa. Nyingine zina mtungi mwembamba chini ya mtutu, na za zamani kama zetu unavuta mkono wake wa chuma mara moja kwa kila risasi. Lakini punje inatoka kwa mwendo wa takriban mita 170 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Jicho haliwezi kustahimili hilo. Kwetu ni bunduki, tunaiita bunduki, na tunaiheshimu kama bunduki.

Mimi ni mzazi. Hapa West Nile tumeshiba bunduki. Kwa nini nimruhusu mwanangu?

Swali hili silijibu haraka, kwa sababu na mimi ni mtoto wa hapa. Wazee wetu wengi walibeba bunduki za Waingereza katika King's African Rifles, jeshi la wakoloni. Kisha yakaja ya 1979 na 1980, baada ya Idi Amin kupinduliwa, na watu wa hapa wakakimbilia Zaire na Sudan wakiwa na magodoro vichwani. Mimi nilivuka mpaka mgongoni kwa mama. Nyumbani kwetu neno bunduki halikutajwa wakati wa kula. Kwa hiyo mama akija kwangu amekunja uso, namwelewa kabla hajafungua mdomo.

Mmoja alikuja mwaka ambao tulikuwa na watoto sita tu. Alisimama mlangoni, hakutaka hata kiti. Akaniambia, "Mwalimu, hiki kitu mimi nilikikimbia. Sasa wewe unamrudishia mwanangu?" Sikubishana naye. Nilimwomba akae kwenye benchi la nyuma kuanzia saa tatu hadi saa sita, kisha aniambie ameamua nini.

Alichokiona ni hiki. Mwanawe alifika, akanawa mikono, akafungua daftari. Akasimama kwenye mstari mikono mitupu, miguu imepanuliwa, akafumba macho, akapumua, akafumbua. Akasogeza mguu wa nyuma kidogo sana. Akafumba tena. Dakika 20 zikapita bila kugusa bunduki. Alipopewa, aliinyanyua, akalenga, akaishusha. Akainyanyua tena, akaishusha tena bila kupiga, kwa sababu haikutulia. Katika saa tatu zile alipiga risasi 20. Muda mwingine wote alikuwa anasimama, anasubiri wenzake, au anaandika kila risasi ilikwenda wapi na alihisi nini. Mama yake aliponiaga alisema tu, "Nyumbani hata kula hawezi kukaa kimya hivi." Kijana akaendelea. Kaka yake mkubwa alipoomba naye aje, mama alikataa, na nilimwambia ana haki.

Maoni yangu ni haya. Mtoto wa Uganda ataiona bunduki hata ukimfungia ndani: mlinzi wa benki anayo, askari wa barabarani anayo. Anayeiona bila kufundishwa anabaki na hamu. Hapa kwetu anajifunza kwamba bunduki ina utaratibu unaochosha, kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kuiacha chini, na kwamba haielekezwi kwa mtu hata kwa mzaha. Sidai kwamba mchezo huu unaponya majeraha ya vita. Ninachojua ni kile ninachokiona Jumamosi: vijana wanaojua kutulia. Mzazi akisema hapana, tunabaki marafiki.

Je, hii ni njia ya kuwaandaa watoto kwa jeshi?

Hapana. Sheria ya UPDF, jeshi la Uganda, hairuhusu kumwandikisha mtu aliye chini ya miaka 18, na sisi hatuna paredi, hatuna sare, wala hatufundishi silaha ya vita. Nchi hii ilishaona watoto wakibebeshwa bunduki kwa nguvu na waasi kule Acholi na Lango, kaskazini. Anayetaka kutumia mazoezi yetu kwa jambo linalofanana na hilo hatapita mlangoni.

Aanze akiwa na umri gani?

Sisi tunaanza na miaka 12. Lakini umri peke yake hautoshi. Namwangalia mtoto anapoambiwa "acha". Akiacha hapo hapo, hata kama alikuwa katikati ya jambo alilolipenda, yuko tayari. Akisema "ngoja nimalize hii", arudi baada ya miezi sita. Nimewahi kumrudisha kijana wa miaka 16 na kumpokea msichana wa 12 siku hiyo hiyo.

Kuna na suala la mwili. Bunduki ya mashindano inaruhusiwa kufika kilo 5.5, na kwa mtoto mwembamba huo ni mzigo wa kuni. Ndiyo maana wadogo tunawaanzisha wakiwa wameegemeza bunduki kwenye kigoda, na wanasimama peke yao baadaye.

Mazoezi ya mwanzo yanakuwaje? Atapiga siku ya kwanza?

Hatapiga. Siku ya kwanza na ya pili ni usalama, na ya tatu ni miguu.

Watu wanadhani kulenga kunafanywa na jicho na kidole. Kunafanywa na mifupa. Msuli ukibeba bunduki unachoka na kutetemeka, mfupa hauchoki. Kwa anayetumia mkono wa kulia, ubavu wa kushoto unaelekea shabaha, nyonga ya kushoto inasukumwa mbele kidogo, na kiwiko cha kushoto kinakaa juu ya nyonga hiyo au kinabanwa ubavuni. Bunduki inalala juu ya ngumi, ngumi juu ya mkono, mkono juu ya nyonga, nyonga juu ya mguu, mguu juu ya sakafu. Akina mama wanaobeba mtungi kutoka kisimani wanalijua somo hili kuliko mimi: mzigo unawekwa juu ya mfupa.

Kisha anafumba macho. Anapumua mara mbili, anafumbua, anaangalia mtutu umeelekea wapi. Ukiwa umeelekea kulia kwa shabaha, anayeanza husukuma bunduki kwa mikono irudi kushoto. Hilo ndilo kosa la wote, na lilikuwa langu pia. Ukiisukuma kwa mikono, wakati wa kufyatua mwili unalegea na bunduki inarudi ilikotaka kwenda. Unatakiwa kusogeza mguu. Tulikuwa na msichana aliyepiga kulia kwa wiki nne mfululizo, akalia, akasema bunduki imepinda. Nilichora unyayo wake kwa chaki sakafuni, nikamwomba asogeze mguu wa kulia kwa upana wa kidole kimoja. Risasi iliyofuata ilipiga tisa. Aliangalia chaki ile kwa muda kuliko alivyoiangalia shabaha.

Baada ya miguu ni pumzi. Unatoa pumzi, na hewa ikibaki kidogo unaisimamisha. Una kama sekunde tano hadi nane nzuri. Zikipita, jicho linaanza kudanganya kwa kukosa hewa, na hapo unashusha bunduki. Kushusha bunduki bila kupiga ni ujuzi, nami humsifu mtoto aliyeshusha kuliko aliyebahatisha kumi. Wahenga walisema kuelekeza si kufuma.

Kidole huja mwisho. Kifyatulio kinabanwa polepole, moja kwa moja nyuma, na baada ya risasi kutoka unabaki pale pale ukiangalia duara kwa sekunde moja au mbili, kama vile haijatoka. Kwa hili tuna zoezi lisilo na gharama. Tunafyatua bila risasi, na juu ya mtutu tunalaza sarafu ya shilingi 500, ile yenye korongo. Ikianguka, kidole kimevuta kwa pupa. Kuna kijana aliyefikisha mara 31 bila sarafu kuanguka, na siku hiyo tulisimamisha mazoezi yote tukampigia makofi.

Kanuni za usalama ni zipi hasa?

Mtutu unaelekea shabaha wakati wote. Bunduki inahesabiwa kuwa ina risasi hata kama umeitoa wewe mwenyewe sasa hivi. Kidole hakigusi kifyatulio mpaka uwe umelenga. Bunduki isiyotumika inawekwa chini, imefunguliwa, na ndani yake inapitishwa kamba ya plastiki yenye rangi kali inayotokeza nje, ili mtu yeyote aone kwa mbali kwamba hakuna risasi. Kanuni za shirikisho la dunia, ISSF, zinaitaka kamba hiyo. Amri ni nne: pakia, anza, acha, toa. "Acha" inaweza kutolewa na yeyote, hata mtoto mdogo kuliko wote, na wote tunatii.

Kuna kanuni moja ambayo si ya ISSF, ni yetu: ukiitwa jina ukiwa mstarini, usigeuke. Nilijifunza kwa aibu. Shule moja ilituomba tuonyeshe mchezo siku yao ya michezo, nami nikakubali watoto wengi wajazane nyuma ya mstari kwa sababu nilitaka kupendwa. Mvulana mmoja alikuwa ameshika bunduki. Rafiki yake akamwita kwa nguvu. Akageuka na bunduki mkononi, na mtutu ukapita mbele ya watoto kama 30. Haikuwa na risasi, kamba ilikuwamo. Lakini nilihisi magoti yamelegea. Nilifunga maonyesho hapo hapo na kuomba radhi mbele ya wote. Kosa lilikuwa langu: niliruhusu umati, na sikuwa nimemfundisha la kufanya akiitwa. Tangu siku hiyo, ukiitwa unaweka bunduki chini kwanza, unarudi hatua moja, ndipo unageuka. Tunalifanyia mazoezi kila Jumamosi. Mimi mwenyewe huwaita kwa ghafla.

Hizo punje zina madhara kwa afya?

Risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu kinachotoka kwenye mtutu, na madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto. Hakuna chapati wala karanga kwenye mstari. Watoto wanapenda kushika punje kwa midomo wakati mikono ina kazi. Tunalikataza bila msamaha. Mwisho wa mazoezi kila mtu ananawa kwa sabuni na maji baridi, na sakafu inapigwa deki, haifagiwi kavu, maana vumbi lake ndilo linalovutwa puani. Punje zilizotumika tunazikusanya ndani ya debe lenye kifuniko.

Wasichana wanaweza?

Wanaweza, na mara nyingi wanaanza vizuri kuliko wavulana kwa sababu wanasikiliza. Mwaka 1976, kwenye Olimpiki ya Montreal, shindano la mita 50 la mikao mitatu lilikuwa la wanaume na wanawake pamoja. Mmarekani Margaret Murdock alilingana alama na mwenzake Lanny Bassham. Waamuzi wakampa Bassham dhahabu, naye wakati wa wimbo wa taifa akamvuta Murdock wakasimama wote juu ya jukwaa la kwanza. Siku hizi wanawake wana mashindano yao, na tangu 2018 wanapiga risasi 60 sawa na wanaume. Zamani walipewa 40. Tangu Olimpiki ya Tokyo kuna pia shindano la timu ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja.

Mwanangu ana ulemavu wa mguu. Mtampokea?

Mlete. Kulenga shabaha kumo katika Michezo ya Paralimpiki tangu 1976. Anayeweza kubeba bunduki mwenyewe hupiga akiwa amesimama au ameketi kwenye kiti cha magurudumu, na asiyeweza kubeba uzito wake ana daraja lake, ambamo bunduki inakaa juu ya stendi yenye springi. Ukumbi wetu hauna ngazi.

Anavaa miwani. Je, inafaa?

Inafaa. Aje nayo. Na asifumbe jicho moja. Kufumba kunachosha uso. Tunaziba jicho la pili kwa kipande kidogo cha plastiki.

Kijana wangu ni hodari wa manati. Je, atakuwa hodari huku?

Manati inafundisha kukadiria na kuachia kwa wakati, na wengi wa wavulana wetu walianza nayo kwa kufukuza ndege kwenye mtama. Jicho analo tayari. Itakayomsumbua ni subira, kwa sababu manati inapenda wepesi na huku wepesi ndio adui. Mpe mwezi mmoja.

Kuna dawa au vyakula vya kuepuka?

Chai kali au kahawa asubuhi ya mazoezi inampandisha mapigo ya moyo yule asiyeizoea. Aje ameshiba kiasi; njaa inatetemesha mkono kuliko woga.

Kwa wanaofikia mashindano rasmi kuna jambo zito zaidi. Dawa za kundi la beta-bloka, ikiwemo propranolol ambayo wengi wanapewa kwa presha, zimepigwa marufuku kwa walengaji wakati wa mashindano na hata nje ya mashindano, kwa sababu zinapunguza mapigo ya moyo na mtetemo. Kijana anayezitumia kwa ugonjwa asiziache kwa ajili yetu. Atuambie mapema, kwa kuwa kuna utaratibu wa kuomba kibali kwa sababu za matibabu.

Itanigharimu kiasi gani?

Kuanza, karibu bure. Bunduki ni za kikundi, na punje tunachangia. Kwa anayetaka kwenda mbali, nitasema wazi: huu ni mchezo wa gharama. Bunduki mpya ya mashindano kutoka kwa watengenezaji kama Feinwerkbau, Walther, Anschütz au Steyr inapita euro 2,000 kwa urahisi, yaani zaidi ya shilingi milioni nane, bei inayozidi boda boda mpya. Juu yake kuna koti gumu la turubai na ngozi, suruali yake, viatu vyake, na glavu. Ndiyo sababu nawaambia vijana wasikimbilie vifaa. Koti linasaidia mwili uliokwisha kujua kusimama. Sisi tuna bunduki mbili kuukuu, na watoto wanapokezana. Anayesubiri anamwandikia mwenzake alama, na hapo anajifunza kwa kutazama.

Si bora ninunue yangu nimfundishe nyumbani?

Usifanye hivyo, tafadhali. Usinunue wala kuagiza bunduki ya upepo kutoka nje kabla ya kwenda polisi kuuliza. Leseni za silaha nchini ziko chini ya mamlaka ya Inspekta Jenerali wa Polisi, na mambo huanzia kwa DPC, yaani kamanda wa polisi wa wilaya yako. Bunduki zetu hazilali nyumbani kwa mtu: zinahifadhiwa na polisi, tunazichukua asubuhi kwa kutia sahihi na kuzirudisha mchana kwa kutia sahihi. Afande wa zamu huzihesabu mbele yetu. Ni usumbufu, na ninaupenda usumbufu huo.

Nyumbani kuna mengi ya kufanya bila bunduki. Mtoto asimame kwa mguu mmoja akipiga mswaki. Abandike nukta ukutani, anyanyue fimbo yenye chupa ya maji ya lita moja iliyofungwa mbele, aishikilie kwenye nukta kwa pumzi moja, aishushe. Mara 20 kwa siku zinatosha.

Hatapoteza muda wa masomo?

Mazoezi ni Jumamosi asubuhi, na siku tatu kwa wiki wakati wa likizo. Watahiniwa wa mitihani ya taifa, UNEB, tunawapumzisha muhula wa mwisho, hata wakibembeleza.

Kijana wa huku anaweza kweli kufika Olimpiki?

Njia ipo, na ni nyembamba. Ni lazima nchi iwe na shirikisho linalotambuliwa, kijana afikishe alama za chini zinazowekwa na ISSF kwenye mashindano rasmi, kisha apate nafasi, na nafasi za Afrika ni chache, zinagombewa zaidi kwenye mashindano ya bara. Mwaka 2023 yalifanyika Cairo, na Wamisri ni wagumu. Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikuwa mlango mwepesi zaidi kwa nchi zetu, lakini kulenga shabaha kuliondolewa Birmingham 2022 na hakumo Glasgow 2026. Hilo linaniuma.

Hata hivyo nawasimulia vijana habari mbili. Ya kwanza ni ya Luna Solomon, msichana wa Eritrea aliyekimbia kwao na kupata hifadhi Uswisi. Hakuwa mlengaji. Alifundishwa na Niccolò Campriani, Mwitaliano mwenye medali tatu za dhahabu za Olimpiki, akaingia kwenye Timu ya Wakimbizi na kushindana Tokyo kwenye mita 10. Hakufika fainali. Lakini ninapowaambia habari hiyo vijana waliotoka makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi na Rhino Camp, wanaacha kuchezea vifungo vya shati.

Ya pili ni ya Ban Hyo-jin wa Korea Kusini. Alianza kulenga mwaka 2021. Mwaka 2024, akiwa na miaka 16, alifika Olimpiki ya Paris, akapata 634.5 kwa risasi 60, yaani wastani unaozidi 10.5 kila risasi. Kwenye fainali alilingana na Mchina Huang Yuting kwa 251.8, ikabidi wapige risasi moja moja ya kuamua. Huang akapata 10.3. Ban akapata 10.4. Rudi kwenye hesabu yetu ya ubaoni: tofauti ile ni kama robo ya milimita.

Shule yetu inataka kuanzisha kikundi. Tuanzie wapi?

Anzeni na mtu kabla ya bunduki: mwalimu mmoja au wawili waliofunzwa kusimamia mstari, wasio na haraka. Halafu mwende kwa mwenyekiti wa kijiji, LC1, na kwa DPC, muwaambie mnataka kufanya nini, wapi, na silaha zitalala wapi. Baraza la Taifa la Michezo litawaelekeza kuhusu shirikisho, kwa kuwa Sheria ya Michezo ya 2023 imeweka utaratibu wa kutambua mashirikisho. Wazazi watie sahihi mmoja mmoja. Mkutano wa wazazi na walimu, PTA, hautoshi.

Ukumbi uwe na mita 10 kamili kati ya mstari na shabaha, na nafasi ya kutosha nyuma ya mstari. Kitovu cha shabaha kiwe mita 1.4 kutoka sakafuni. Nyuma yake kuwe na kisanduku cha chuma cha kukamata punje, na nyuma ya kisanduku kuwe na ukuta wa matofali. Jambo ambalo shule nyingi hulisahau ni milango: pasiwe na mlango wowote mbele ya mstari ambao mtu anaweza kuufungua kutoka nje. Tuliwahi kukataa ukumbi mzuri sana, wenye feni na vioo, kwa ajili ya mlango mmoja wa jikoni.

Muhula wa kwanza mnaweza kuumaliza bila bunduki kabisa, kwa mazoezi ya kusimama na ya pumzi. Mkipata vifaa vya leza, vitumieni. Mchezo wa pentathloni ya kisasa, unaounganisha michezo mitano, uliacha bastola za punje na kutumia leza Olimpiki ya London 2012, na watoto wanapenda leza.

Mwanangu amekuja mara tano na hajapata kumi hata moja. Aache?

Nionyeshe karatasi zake, usinionyeshe alama. Matundu matano yaliyokaribiana kwenye namba nne ni kazi nzuri kuliko kumi moja iliyozungukwa na matundu yaliyotawanyika kama mbegu za simsim. Yaliyokaribiana yanaonyesha kwamba mwili umejua kurudia, na iliyobaki ni kuzungusha skrubu ya tundu la kulengea. Yaliyotawanyika yananirudisha kwenye miguu. Karatasi za kila mtoto nazihifadhi kwenye bahasha. Njoo tuzilaze mezani kwa mpangilio wa tarehe, tuzitazame pamoja.

Tuje lini, na tulete nini?

Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi. Mzazi aje mwenyewe mara ya kwanza, asimtume mjomba. Mtoto avae viatu vyenye soli bapa, si ndala, na fulana isiyobana mabega. Alete chupa ya maji, daftari la mistari, na kalamu yake mwenyewe, kwa sababu tunaandika kuliko tunavyopiga.